Koti la magome juu ya mti

"Amesemaje?"

Kwa mkalimani hilo ndilo swali la kila siku. Unalipwa posho ili ulijibu. Lakini mchana ule, chini ya mkorosho, kwenye kijiji kimoja cha Umakondeni mkoani Mtwara, nililikwepa.

Mkutano ulikuwa umefika kwenye ajenda ya barabara. Njia mpya ilipangwa kupita kando ya kichaka chenye mti wa msolo, mti wa matambiko, na wenyeji wa kusini hawahitaji kuelezwa msolo ni mti gani. Mzee mmoja akasimama, akavua kofia, akasema barabara wanaitaka, tena wamechelewa kuipata. Ila kabla katapila halijaingia, waachiwe asubuhi moja tu wakamwage unga pale chini, wawaambie waliotangulia kwamba kutakuwa na kelele.

Nikafasiri, tena vizuri. Hata ile heshima ya "waliotangulia" niliitafutia mahali pake.

Mgeni wetu, mtaalamu kutoka Ulaya, alitikisa kichwa kama mtu anayezingatia. Kisha akamwinamia mwenzake, akanong'ona maneno mawili ya Kiingereza, yale wanayoyaitia maneno yasiyo na maana, huku midomo ikimcheka.

Mumbo jumbo.

Kwenye mkeka, karibu kabisa na miguu yangu, alikaa bibi mmoja mwenye kanga ya rangi ya zambarau iliyopauka. Muda wote huo hakumtazama mzee aliyekuwa akizungumza. Alikuwa akimtazama mgeni.

"Mwanangu," akaniuliza, "amesemaje?"

"Amesema amesikia, bibi."

Bibi akanitazama kidogo, halafu akageuka mbele.

## Neno nililolikosa

Wakalimani tuna kichaka cha kujifichia. Minong'ono ya pembeni si sehemu ya mkutano, kwa hiyo hulazimiki kuifasiri. Njia nzima ya kurudi Mtwara mjini nilijiambia hivyo, gari likiruka kwenye mashimo na dirisha likigongagonga.

Ukweli ni kwamba hata ningetaka kumjibu bibi, nisingekuwa na neno.

Usiku, hotelini, nilianza kuyapanga maneno yetu. *Upuuzi*? Hapana, upuuzi ni wa mtu mwenye akili zake aliyeamua kutozitumia. *Porojo* ni za kupotezea muda, na mzee hakumpotezea mtu muda, alizungumza dakika tatu. *Longolongo* ni ya anayekuzungusha ili asikulipe. *Mazingaombwe* yalikaribia, maana yana uganga ndani yake, lakini hayo watu huyatolea kiingilio wakayatazame. *Maneno yasiyo na kichwa wala miguu*? Maneno ya mzee yalikuwa na vyote viwili, na tumbo juu yake.

Neno la mgeni lilikuwa na kitu ambacho hakuna hata moja kati ya haya lilichonacho. Lilikuwa na harufu ya mahali. Ukilisikia, unaona moshi, manyoya, ngoma ya usiku, mtu mweusi anayeruka. Mwingereza hulitumia siku hizi hata kwa fomu za kodi na mikataba ya bima, na nina hakika wengi wao hawaioni tena picha hiyo. Mimi niliiona. Pengine kwa sababu kwenye picha hiyo nilikuwemo.

## Mambo jambo

Nilipomsimulia mfanyakazi mwenzangu, kijana mcheshi aliyewahi kutembeza watalii Zanzibar, alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Sasa wewe unanuna nini? Hilo neno ni letu. *Mambo*, *jambo*. Wazungu walishuka pwani, wakasikia watu mambo-jambo, mambo-jambo, wasielewe kitu. Wakalibeba."

Kumbe ndivyo alivyokuwa akiwaambia watalii, na walikuwa wakiandika.

Nakiri kwamba kwa siku mbili nililiamini hilo, tena kwa raha. Tusi likigeuka kuwa mali yako, halikuchomi sana. Nilikuwa tayari hata kulisimulia kwa wengine.

Siku ya tatu nikawa naoga, nikalitamka kwa sauti: mambo jambo.

Hakuna Mswahili anayesema hivyo. *Mambo* ni wingi wa *jambo*. Ni sawa na kusimama barabarani ukaita "watu mtu" au "meno jino". Na hilo *jambo* tunalowauzia watalii kama salamu ni kipande kilichokatwa kichwa. Salamu ni *hujambo*, yaani huna jambo, na jibu ni *sijambo*, sina jambo. Tunaulizana kama kuna lililoharibika. *Mambo?* ya kujibiwa *poa* ni ya vijana wa juzi tu. Huyo mzungu wa kale aliyeshuka pwani akazisikia zote mbili zikifuatana alishukia pwani gani?

Kuna tatizo kubwa zaidi. Neno hilo liliandikwa kwenye kitabu cha Kiingereza mwaka 1738, na kitabu chenyewe hakihusu pwani yetu. Kinahusu Mto Gambia, upande wa pili kabisa wa bara.

Masikio ni viumbe vya ajabu. Yakikosa maana, huazima ya karibu. Ndivyo ilivyokuwa hata kwa yule tembo, Jumbo. Alikamatwa akiwa ndama huko kwenye mipaka ya Sudan na Habeshi, akafika London mwaka 1865, akauzwa kwa Barnum wa sarakasi ya Marekani mwaka 1882, akafa kwa kugongwa na treni huko Kanada mwaka 1885. Wapo wanaosema jina lake ni *jambo* letu, wengine wanasema ni *jumbe*. Lakini Waingereza walikuwa wakimwita mtu mnene asiye na wepesi *jumbo* miaka mingi kabla tembo huyo hajazaliwa. Hata hivyo jina likang'ang'ania ukubwa, hadi leo ndege ya Boeing 747 inaitwa hivyo, na abiria wa Kiswahili anapanda akidhani kuna mtu anamsalimia.

Kwa hiyo nililiacha, ingawa liliniuma kidogo. Kama neno si letu, ni la nani?

## Mtoni Gambia

Aliyeliandika mwaka 1738 ni Francis Moore, karani wa kampuni ya Kiingereza iliyofanya biashara Afrika Magharibi, biashara ya watumwa ikiwemo. Alikaa Gambia kuanzia 1730 hadi 1735. Majirani zake walikuwa Wamandinka.

Anachosimulia ni hiki. Kuna vazi refu la magome ya mti, lenye kishungi cha majani makavu kileleni. Mtu akilivaa, urefu wake unafika futi nane au tisa. Halionekani mchana. Hutokea usiku, na likitokea wanawake hukimbia kujificha, kwa sababu kazi yake ni kuwatia adabu. Mume akigombana na mke, mwenye koti huitwa kuamua, na Moore anasema karibu kila mara uamuzi huangukia upande wa mume.

Miaka sitini baadaye anapita Mungo Park, daktari wa Kiskoti, umri miaka 24. (Wale wa mambo-jambo watulie: Mungo hapa si Mungu. Ni jina la mtakatifu mlezi wa mji wa Glasgow.) Desemba 1795, siku chache baada ya kuanza safari yake ya kuutafuta Mto Niger, anafika mji uitwao Kolor. Karibu na lango la mji anaona kitu kimetundikwa juu ya mti.

Koti la magome. Halina mtu ndani.

Hapo nilikaa sana, maana ile picha haiondoki. Usiku ni zimwi, mchana ni nguo inayoanikwa kama kanzu ya sheikh baada ya Ijumaa. Watoto wanapita chini yake wakienda kuchota maji. Wanawake nao wanapita.

Park anaeleza usiku wenyewe unavyokwenda. Giza likianza kuingia, mayowe husikika porini. Mwenye koti anaingia mjini, anakwenda hadi uwanja wa mikutano, na watu wote hukusanyika, wanawake wakiwemo, hata wale ambao roho zao zinawaambia leo ni zamu yao. Hawawezi kukataa. Wanaimba na kucheza mpaka karibu usiku wa manane. Kisha mwenye koti ananyoosha mkono kwa mwanamke mmoja. Huyo anakamatwa, anavuliwa nguo, anafungwa kwenye nguzo na kuchapwa kwa fimbo, huku uwanja mzima ukimzomea. Park anasema wanaozomea kwa sauti kubwa kuliko wote ni wanawake wenzake.

Kukicha, kila kitu kimekwisha.

Nilikuwa nimekwenda Gambia kutafuta hoja ya kumtetea mzee wa msolo. Nilitaka nikute ibada nzuri iliyodhalilishwa na wageni, niandike makala ya hasira, nilale. Badala yake nikakuta mwanamke amefungwa kwenye nguzo.

## Lugha ya wanaume

Wiki nzima sikuandika kitu. Kisha nikarudi kwa Moore, kwa sababu kuna jambo nilikuwa nimelipita haraka.

Moore halitaji lile zimwi kwanza. Anaanza na lugha. Anasema wanaume wa Kimandinka walikuwa na lugha yao ya siri, isiyojulikana kabisa na wanawake, na kwamba mara nyingi waliitumia kwa jambo moja tu, la huyo Mumbo Jumbo. Mwanamume hakuizungumza mbele ya mwanamke.

Nililisoma tena na tena.

Maana yake ni kwamba, tangu siku ya kwanza neno hili linaingia kitabuni, limekaa pamoja na maneno yasiyoeleweka. Lakini hayakukosa maana. Yalikuwa na maana kamili, na wenyewe walikuwa wakiilinda kwa fimbo. Kutoeleweka ndiyo ilikuwa kazi yake.

Moore ana kisa cha kuthibitisha hilo. Karibu mwaka 1727, anasema, mfalme wa Jagra alikuwa na mke mdadisi. Mke akauliza, akauliza, akauliza, hadi mfalme akamwambia siri ya koti. Mke akawaambia wenzake. Habari zikawafikia watu wasiompenda mfalme, nao wakaona hatari: wanawake wakijua, nani atawatawala? Wakavaa koti, wakaenda mjini kwake, wakamwita. Mfalme hakukana. Akaitwa mkewe. Wote wawili wakauawa papo hapo.

Kwa neno hili ambalo leo ni la mzaha kuna watu walikufa, na walikufa kwa sababu walilielewa.

## Kutoka kwenye magome hadi kwenye kodi

Safari ya baadaye ya neno ni fupi na haina utukufu. Vitabu vya Moore na Park vilisomwa sana Uingereza. Katika karne ya 19 jina la koti likawa jina la sanamu yoyote inayoabudiwa na watu wanaodhaniwa wajinga, kisha la kitu chochote kinachoheshimiwa bila sababu, na mwisho likawa maneno matupu. Kila hatua mtu wa ndani ya koti alizidi kupotea. Mwaka 1914 mshairi wa Kimarekani Vachel Lindsay akatunga shairi kuhusu Kongo, akamwita Mumbo Jumbo mungu wa Kongo. Kutoka Gambia hadi Kongo kuna maelfu ya kilomita. Lakini kama kwako bara zima ni ngoma moja, umbali wa nini?

Wamandinka wenyewe wanaonekana kuwa na neno *maamajomboo*, mchezaji aliyevaa kinyago, na wataalamu wengi huelekeza huko. Kamusi moja mashuhuri ya Marekani iliwahi kulichambua vingine, ikaweka bibi mwanzoni, matatizo katikati na kuondoka mwishoni: mganga anayeziondosha roho za mababu zilizofadhaika. Ishmael Reed aliuweka uchambuzi huo mwanzoni mwa riwaya yake ya mwaka 1972, iliyobeba jina hilohilo. Mimi naupenda kwa sababu ndani yake kuna bibi. Siwezi kuuapia.

Na ndugu wa koti lile bado wako hai. Huko Senegal na Gambia, Kankurang hutoka hadi leo wakati wa jando, amefunikwa magome na nyuzi nyekundu za mti wa faara, mapanga mkononi, akitoa mlio mkali. Kazi yake sasa inasimuliwa kuwa ni kuwalinda watoto dhidi ya pepo wabaya. UNESCO iliitangaza ibada hiyo kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005. Binamu mmoja amepata cheti, mwingine amebaki tusi.

Nikajiuliza kama Waingereza hufanya hivyo kwa dini za mbali tu. La. Wana *hocus-pocus*, neno la viini macho. Mwaka 1694 Askofu Mkuu wa Canterbury, John Tillotson, aliandika kwamba kwa uwezekano mkubwa linatokana na *hoc est corpus*, maneno ya padri wa Kikatoliki anapoishika hostia: huu ni mwili. Alikuwa akikisia, tena kwa kebehi ya Mprotestanti, na si lazima awe sahihi. Lakini kisio lenyewe linatosha. Mtu amesimama nyuma ya kanisa, Kilatini hakijui, analosikia ni kelele, na kelele hizo anazipa jina.

Hata sisi tusijifanye. Watu wa pwani waliwaita wa bara *washenzi* kwa karne nyingi, na sehemu ya ushenzi huo ilikuwa ni lugha ambazo pwani haikujali kujifunza. Babu yangu mzaa mama ni mtu wa bara. Neno hilo alilipokea sokoni Lindi kabla hajajua maana yake.

## Bata mzinga

Lakini kuna neno moja la Kiingereza la upuuzi ambalo halikuibwa kwenye ibada ya mtu. Nalo ndilo lililonigeuka.

Mwaka 1944, vita vikiendelea, Maury Maverick wa Texas alikuwa akiongoza shirika la serikali ya Marekani lililosimamia viwanda vidogo vya vita. Alichoshwa na barua za ofisini mwake. Akaandika waraka mfupi kuwaagiza watu wake waandike kwa ufupi na kwa lugha ya kawaida, akaongeza kwamba mtu yeyote atakayetumia maneno fulani mawili ya kiofisi atapigwa risasi. Lugha hiyo ya barua akaiita *gobbledygook*. Alipoulizwa kalitoa wapi, alisema huenda alikuwa akimfikiria yule bata mzinga wa kwao Texas, anayelia gobogobogobo huku akijitutumua kwa madaha, na mwisho wa mlio unasikika mkoromo.

Nilicheka peke yangu. Kisha nikakumbuka nilichokuwa nimefanya mchana ule ule, kabla mzee hajasimama.

Nilikuwa nimefasiri wasilisho la mradi. Nakumbuka maneno yangu kwa sababu nayatumia kila wiki. Niliwaambia watu waliokaa chini ya mkorosho kwamba barabara itachochea mnyororo wa thamani. Kwamba masuala mtambuka yatazingatiwa. Kwamba wadau watajengewa uwezo ili wawe na umiliki wa mchakato kwa njia shirikishi na endelevu. Niliyasema kwa sauti ya kupanda na kushuka, bila kukwama, na moyoni nilijisifu. Watu walinyamaza kabisa. Nikadhani wamesikiliza.

Mkutano huo ulikuwa na watu wawili waliozungumza na waliotangulia. Mzee alizungumza na wazee wake, na kila aliyekuwepo alielewa. Mimi nilizungumza na wafadhili ambao hawakuwepo.

Tena wenye siri ya maneno hayo hufaidika. Anayeyajua hupata kazi. Anayejua kuyaandika kwenye andiko la mradi hupata fedha. Asiyeyajua hutia sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio, hupewa soda ya moto, huenda nyumbani. Sijapata kumwona mtu akinyoosha mkono kuuliza mnyororo wa thamani ni mnyororo gani. Ningeulizwa, sijui ningejibuje. Nimeufasiri miaka tisa.

Koti la magome, kumbe ninalo. Huwa nalitundika kwenye kiti cha hotelini.

## Miguu

Baada ya wiki saba tulirudi kijijini, safari hii kwa ajili ya fidia za mikorosho. Yule mgeni hakuja, mkataba wake ulikuwa umekwisha. Njia ilikuwa imeshasafishwa hadi karibu na kichaka. Nikamuuliza kijana wa zamu kuhusu unga, akasema ulimwagwa zamani. Msimamizi wa katapila, mtu wa Masasi, alisema yeye haanzi kazi kabla, akatoa fedha ya unga mfukoni mwake. Ripoti ya mradi haikuwa na mstari wa kuliandika hilo.

Nilimkuta bibi nyumbani kwake, anapembua mbaazi kwenye ungo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunijibu?"

Sikutegemea kwamba alikuwa akikumbuka. Nikaketi kwenye kigoda. Nikamwambia kwamba siku ile nilimdanganya, kwamba mgeni alisema maneno ya mzee hayana maana, na kwamba neno alilotumia ni neno la watu wa mbali sana, weusi kama sisi. Hapo akaacha kupembua. Basi nikamsimulia yote: koti, kishungi cha majani makavu, mayowe porini, uwanja, nguzo, fimbo. Nikamsimulia na mfalme wa Jagra na mkewe.

Alisikiliza mpaka mwisho. Aliponyamaza nikadhani ameguswa na yule mwanamke aliyeuawa, na nadhani ni kweli aliguswa. Lakini alichouliza ni kingine.

"Hao wanawake, walikuwa hawajui kwamba ndani ni mtu?"

"Kitabu kinasema hawakujua."

"Kitabu kaandika nani?"

"Mzungu. Mwanamume."

"Na aliambiwa na nani?"

"Na wanaume wa pale."

"Enhe." Akarudi kwenye mbaazi, akapepeta mara mbili, makapi yakaruka upande wa kuku. "Sisi tulikuwa na mapiko. Unayajua mapiko?"

Nilisema nayajua, kwa maana nimeyaona kwenye tamasha: kinyago chenye nywele za mtu za kweli, kimevaliwa kichwani kama kofia, mchezaji akichungulia kupitia mdomoni, mwili wote umefungwa nguo hata ngozi isionekane.

"Zamani haikuwa ya tamasha," akasema. "Zamani lipiko likitoka, wanawake tunaambiwa huyo si mtu. Ametoka kuzimu. Tunapiga kelele, tunakimbia mpaka kanga zinatudondoka."

"Na mlikuwa mnaamini?"

Bibi akaweka ungo chini. Akauvuta mguu wake mmoja, akanionyesha kisigino, kimepasuka kwa mistari mitatu mirefu yenye vumbi jekundu la huko.

"Hata wakifunga nguo vipi, chini si lazima akanyage? Mume wangu alikuwa na kidole kimepanda juu ya mwenzake. Nimekiosha, nimekitoa mwiba, nimekipaka dawa. Nimfahamu kwa usiku, nishindwe kumfahamu kwa mguu?"

"Sasa kwa nini ulikuwa unakimbia?"

"Mwanangu," akasema, na sasa alikuwa anacheka, bega zima linatikisika, "mtu amejifunga manguo yote hayo, jua kali, jasho linamtoka, anaruka tangu asubuhi ili nimwogope. Nitaachaje kukimbia?"

Akanisogezea ungo, nimsaidie kuchambua zile zilizobaki.